TSH Ikipanda, Tezi Imelala

Huko Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura, tulikaribishwa nyumbani kwa koplo mmoja wa polisi ambaye ameturuhusu tueleze habari zake pasipo kumtaja jina. Kwa muda wa karibu mwaka mzima koplo huyo alikuwa akisinzia zamuni, na mara mbili aliadhibiwa kwa uvivu. Sauti yake ilikwaruza, uso ulivimba, na usiku alijifunika mablanketi mawili, ilhali jirani zake walilala kifua wazi kwa sababu ya joto la ziwani. Mkewe ndiye aliyemwambia, "Baba watoto, huu si uvivu, ni maradhi. Nenda ukapimwe."

Damu ilipopimwa, ilidhihirika kwamba tezi yake ya thairoidi, yaani ile tezi ya mbele ya shingo ambayo ikivimba watu husema fulani ana rovu au goita, haikuwa ikitengeneza homoni ya kutosha. Alipewa vidonge vya levothairoksini, akaambiwa avinywe kila siku. Akapata nafuu. Miezi minne baadaye alirudi maabara, akaisoma karatasi mwenyewe kabla ya kufika kwa daktari. Iliandikwa TSH 11, na kando yake mshale ulioelekea juu, kwani kiwango cha kawaida cha maabara ile ni 0.4 hadi 4. Koplo akafikiri kwamba dawa imezidi mwilini. Akaacha vidonge.

Kosa hilo hatulicheki. Hata sisi tungaliiona namba imepanda na mshale unaelekea juu, tungalidhani vivyo hivyo. Lakini TSH si homoni ya tezi ya shingo. Hutoka katika tezi nyingine ndogo sana iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru ile ya shingo ifanye kazi. Ndugu zetu askari watalielewa jambo hili upesi kuliko raia. Mkuu wa kikosi anapopeleka amri kwenye kituo na kuona inatekelezwa, hana haja ya kuirudia. Kituo kikilala, hupeleka amri ya pili, ya tatu, hata ya kumi. TSH ni idadi ya amri hizo. Ikipanda, maana yake tezi ya shingo imelegea, au dawa anayopewa mgonjwa haitoshi. Ikishuka mno chini ya kiwango, mara nyingi dawa imezidi, na hapo moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, na mifupa hudhoofika kadiri miaka inavyopita.

Namba ya pili huonyesha kazi yenyewe iliyofanyika. Katika karatasi zilizoandikwa kwa Kifaransa huitwa T4L, nayo ni ile homoni iliyo huru katika damu, tayari kutumiwa na mwili. Kiwango chake hukaribia 12 hadi 22 katika maabara nyingi zinazopima kwa pikomoli kwa lita. Nyingine hupima kwa nanogramu kwa desilita, na huko 1.2 ni sawa na 15 hivi ya wenzao. Mtu aliyehamishwa kituo na kupimwa mahali pengine asishtuke akidhani homoni yake imekwisha. Kwanza atazame kipimo na kiwango kilichochapwa kandokando.

Namba hizi mbili husomwa pamoja. TSH ikiwa juu na T4L chini, tezi imeshindwa waziwazi. TSH ikiwa juu kidogo huku T4L ikiwa ya kawaida, tezi yaanza kuchoka, na daktari aweza kuamua kupima tena kabla ya kutoa dawa. Lakini kwa mtu ambaye tayari anatumia vidonge, hali hiyohiyo yaweza kufichua siri nyingine: aliviacha kwa majuma mengi, kisha akavinywa kwa bidii siku chache kabla ya kupimwa. T4L hupanda upesi, ila TSH huchukua majuma sita au zaidi kutulia. Kwa hiyo maabara huweza kumjua aliyetega! Ni nadra, lakini hutokea pia T4L ikawa chini na TSH isipande; hapo mkuu mwenyewe ndiye mgonjwa, kama inavyoweza kuwapata akina mama waliotokwa damu nyingi mno wakati wa kujifungua.

Kuna mambo madogo yanayoharibu kipimo. Yafaa damu itolewe asubuhi, kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo. Kidonge chenyewe hunywewa kwa maji matupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai na chakula. Vidonge vya chuma na kalisi vingoje saa nne. Vitamini za nywele na kucha zenye biotini huweza kudanganya mitambo ya maabara, basi mpimaji aambiwe. Mke wa askari anayetumia dawa hii akipata mimba, asingoje hata mwezi mmoja kumwona daktari, kwa kuwa mahitaji ya mwili wake huongezeka mapema.

Wengine hutuuliza kama haitoshi kuongeza chumvi ya madini joto. Swali hilo lina asili yake. Mbali kidogo kaskazini, katika kisiwa cha Idjwi cha Ziwa Kivu, madaktari waliotoka Ubelgiji walikuta katika miaka ya 1960 vijiji vilivyojaa goita, na watoto waliodumaa akili na kimo. Udongo wa huko hauna madini joto ya kutosha, na muhogo usioandaliwa vema ulizidisha madhara. Watu walisaidiwa kwa sindano za mafuta yenye madini hayo. Chumvi yenye madini joto basi ni kinga kubwa. Lakini tezi iliyokwisha kuharibika haifufuki kwa chumvi. Mwenye nayo huhitaji kidonge, kwa kawaida maisha yake yote.

Koplo wetu alikaa miezi mitatu bila dawa. Aliporudishwa hospitali akikokotwa na mkewe, TSH ilikuwa 38 na T4L 6. Daktari alimweleza kwamba mgonjwa aliyeachwa hivyo muda mrefu huweza kupoa mwili, kupotewa na fahamu na kufa. Kisha akamchorea ule mshale wa juu kwenye karatasi, na chini yake akaandika: "Amri hazitekelezwi."

Tulipomtembelea, majuma manane yalikuwa yamepita tangu aanze tena. TSH 6.2, T4L 14. Dozi imeongezwa kidogo, na ameandikiwa kupimwa baada ya majuma sita. Tarehe hiyo inaangukia siku yake ya zamu; amekwisha kumwomba mkuu wake ruhusa, safari hii akiwa na karatasi zote mbili mkononi.