Adabu ya Taa Angani

Mtu akaaye Kigera, hapa Musoma, ambako Ziwa Victoria limetandaa mbele ya macho yake, hahitaji kitabu cha urubani ili ajue kwamba ndege ipitayo usiku ina taa za rangi mbalimbali. Lakini wachache kati yetu wanafahamu kwamba kila taa katika hizo ina wakati wake wa kuwashwa na wakati wake wa kuzimwa, na kwamba rubani azichanganyaye nyakati hizo hutia hatarini nafsi za watu ambao pengine hatawaona kamwe. Nakusudia kueleza adabu ya taa hizo, kwa sababu naamini kuwa humo ndimo inamodhihirika kwamba usalama wa safari ni haki ambayo kila msafiri anamdai mwenziwe.

Asili ya kanuni hizi ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao Kiambatisho chake cha 2 kinaagiza kwamba tangu machweo hadi macheo ndege iliyo angani iwashe taa za namna mbili: zile za kuzuia mgongano, ambazo humweka ili kuvuta macho, na zile za kuonyesha upande inakoelekea. Musoma, iliyo digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, hutuliwa na jua saa moja kasoro robo hivi karibu mwaka mzima, na giza hufuata upesi. Basi rubani aliye juu ya ziwa wakati wa magharibi hana nafasi ya kusitasita.

Taa za mwelekeo zilirithiwa na ndege kutoka kwa merikebu: nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe nyuma. Kila moja ya zile za ubavuni humulika digrii 110, na ile ya nyuma digrii 140, almuradi zote tatu zikamilishe duara. Rubani akiona upande wake wa kulia taa nyekundu ikimkaribia kwa mshazari, hutambua kuwa anautazama ubavu wa kushoto wa chombo kinachokata njia yake, na kwamba yeye ndiye apasaye kupisha. Mwenziwe, kwa wakati huohuo, huiona kijani yake na kujua kuwa njia ni haki yake. Wakikabiliana uso kwa uso, kila mmoja hugeukia kulia kwake. Hivyo watu wawili wasiojuana huelewana gizani bila ya kunena neno.

Chini ardhini mpango huanza kabla ya injini kuunguruma. Taa nyekundu ya kumweka huwashwa kabla ya kuiamsha injini, wala haizimwi mpaka injini imetulia kabisa, kwani rafadha izungukayo kwa kasi haionekani, na mpakiaji wa mizigo hana onyo jingine la hakika kuliko ile nyekundu. Ndege ikianza kwenda, huwashwa taa ya kumulikia njia. Ikiingia katika njia ya kurukia, huongezwa zile nyeupe za kumweka. Na taa kubwa za kutulia huwashwa ruhusa ya kuruka ipatikanapo, ili watazamaji wote wajue kuwa chombo hiki sasa kinaondoka.

Taratibu hizo hazikuja bure. Tarehe 1 Februari 1991, baada ya jua kutua, ndege ndogo ya abiria iliyokuwa ikingoja juu ya njia ya kurukia mjini Los Angeles iligongwa kwa nyuma na ndege kubwa iliyoruhusiwa kutua papo hapo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Taksiri ilianzia katika uongozaji wa ndege, lakini ilidhihirika pia kwamba taa za ile ndogo zilikuwa zimechanganyika na taa za njia yenyewe, zisitofautike machoni pa marubani waliokuwa wakishuka.

Wala mchana hauondoi wajibu huu. Mashirika mengi huwataka marubani waache taa za kutulia zikiwaka wawapo chini ya futi 10,000, hata jua likiwa utosini. Kipimo hicho huanzia usawa wa bahari, na Ziwa Victoria lenyewe liko juu kiasi cha futi 3,700. Kwa hiyo juu ya maji ya Musoma hubaki kama futi 6,300 tu, ambamo hupita ndege ndogo za watalii wa Serengeti pamoja na tai na kongoti, na nuru hiyo husaidia chombo kuonekana mapema. Tarehe 5 Machi 2024, asubuhi, ndege ya abiria yenye watu 44 iligongana na ndege ndogo ya mafunzo karibu na Uwanja wa Wilson, Nairobi; ile kubwa ilirudi salama, na watu 2 waliokuwamo katika ile ndogo wakafariki. Sisemi kwamba taa zingewaponya, ila kwamba anga jeupe nalo huficha.

Fauka ya hayo, kuzima ni wajibu sawa na kuwasha. Kanuni yenyewe inampa rubani idhini ya kuzima au kupunguza taa za kumweka zikimzuia kazi yake, au zikimtia kiwi mtu aliye nje. Ndani ya wingu mmweko mweupe hurudi machoni pake na kumvuruga. Na ardhini, asimamapo kuelekeana na ndege nyingine, taa yake kubwa humpofusha mwenziwe. Hapa kwetu kuna hadhari ya ziada: usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa hutawanya karabai na taa za sola juu ya maji, na rubani asiyeona upeo aweza kuzidhani nyota, akapoteza ulalo wa chombo. Huyo hana budi kuviamini vyombo vyake, na asijiongezee kwa taa zake mwenyewe nuru ya kumpumbaza.

Kiwanja cha Musoma, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa cha changarawe, kimekuwa kikijengwa upya kwa lami, na bila shaka watoto wengi wa Mara watakaokitazama watatamani urubani. Lami na mitambo itanunuliwa kwa fedha, ilhali adabu hii hupatikana kwa mafunzo na kwa mazoea. Na wazoee mapema kujiuliza, kila mkono unapoifikia swichi: nani anahitaji kuniona sasa, na nani nitamdhuru nikimulika?