Mtoto hajafika: kazi ni ya nani?

Mtoto anatoka Walungu asubuhi kwa gari, akiwa na jirani anayekwenda Bukavu. Shangazi atampokea kwenye kituo cha Essence, mjini Bukavu. Saa nne inapita, shangazi bado anaangalia magari. "Labda hawajatoka," anajiambia. "Labda wamekwama kwenye matope." Mtandao haushiki, naye anazidi kungoja.

Angalia walivyotulia wengine. Mama aliyemtuma anaamini mtoto keshapokelewa. Jirani ameshukia njiani, sokoni Mugogo, akamwachia dereva mtoto. Dereva naye hakuambiwa mtoto anashukia wapi. Shangazi peke yake ndiye anayejua kwamba mtoto hajafika, kwa hiyo saa hiyo kazi ni yake, hata kama kosa si lake. Sisi wa ulinzi wa watoto tunapoteza muda mwingi hapo: familia zinatafuta mkosaji kabla ya mtoto.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inawataka wazazi wawalinde watoto ndani na nje ya nyumba, na inampa mtoto haki ya kulindwa pia na jamii na serikali. Mtoto ni yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Kijana wa miaka 16 "aliyezoea njia" naye anatafutwa.

Shangazi apige simu Walungu: alitoka saa ngapi, na nani, amevaa nini? Simu ikikataa, ujumbe upelekwe na dereva anayerudi. Mmoja abaki palepale Essence, mwingine arudi nyuma akiuliza kila kituo. Shefu wa avenue na polisi waambiwe siku hiyohiyo. Na watu waache kutangaza fimbo barabarani. Mtoto aliyepoteza nauli akisikia hivyo atajificha.

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, watoto zaidi ya 100,000 wa Rwanda walitengana na wazazi wao. Kwa wadogo waliojua kusema "mama" tu, mashirika yalilazimika kubandika picha zao, mtu apite awatambue. Kwa hiyo kabla ya safari mtoto atamke mwenyewe majina ya wazazi wake na kijiji chao. Akisema "Walungu" tu haitoshi, maana Walungu ni teritwari nzima: Kaniola ni Walungu, Burhale ni Walungu, na Kamanyola kule bondeni pia. Namba ya simu iandikwe kwa kalamu ndani ya shati; karatasi ya mfukoni haiwezi mvua ya huku.