TALAKA HAIKATI HAKI YA MTOTO: HADHANA NA NAFAKA BAADA YA NDOA KUVUNJIKA

  

Katika maswali tunayoulizwa baada ya sala ya Ijumaa, hakuna linalojirudia kama hili. Mume amemwacha mkewe, mke amerudi kwao na watoto, na mume anasema: “Akitaka nafaka anirudishie wanangu.” Mke naye anajibu: “Asipotoa nafaka hatawaona.” Kila mmoja anadhani ameishika sheria mkononi, na wote wawili wamechanganya haki ambazo Sheria imezitenga. Iko haki ya mke aliyeachwa, nayo ina mwanzo na mwisho. Iko haki ya kulea, nayo huhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Na iko haki ya mtoto ya kulishwa na kuvishwa, ambayo haikatwi na talaka wala haimfuati anayelea. Tutazieleza kwa madhehebu ya Imam Shafii (R.A.), ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu, na penye haja tutataja kauli za maimamu wengine.

HAKI YA MKE ALIYEACHWA

Hapa hatutarefusha, kwani mlango wa talaka umesomeshwa sana misikitini mwetu. Mume aliyemwacha mkewe talaka moja au mbili, baada ya kuingiliana naye na bila ya khului, anayo rejea muda wote wa eda. Eda ya mwenye kupata hedhi ni twahara tatu kwa Shafii, na hedhi tatu kwa Abu Hanifa (R.A.). Asiyepata hedhi ni miezi mitatu, na mja mzito ni mpaka ajifungue, kama ilivyo katika Suratut-Talaq aya ya 4. Ama talaka tatu kwa tamko moja, madhehebu manne yamesema zinapita zote. Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria) alisema ni moja, akitegemea Hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) iliyomo katika Sahih Muslim, na kauli hiyo ikaingizwa katika sheria ya Misri namba 25 ya mwaka 1929. Imamu wa msikiti asiharakishe kutoa fatwa katika hili. Amsikilize mume alitamka nini hasa, kisha ampeleke kwa kadhi.

Lakini kuna jambo moja wengi hawalijui, nalo linawadhulumu wanawake. Eda huhesabiwa tangu talaka ilipotamkwa, si tangu mke alipopata habari. Mume anaweza kutamka mbele ya rafiki zake, akanyamaza miezi minne, kisha mke akaambiwa kuwa ameachwa na eda imekwisha. Ndiyo maana wanavyuoni wetu wamependekeza kushuhudisha talaka, na ndiyo maana sisi tunasisitiza iandikwe siku ile ile na mke apewe nakala. Na aliyepelekewa ujumbe wa simu asikimbilie kuhesabu eda. Talaka ya maandishi kwa Shafii ni kinaya, haipiti ila kwa nia ya mwandishi, hivyo mume lazima aulizwe alikusudia nini.

Ndani ya eda ya rejea mke ana nafaka kamili na makaazi. Kumpakia kwenye gari na masanduku yake siku hiyo hiyo ni kinyume na aya ya kwanza ya Suratut-Talaq, ambayo imekataza kuwatoa wake majumbani mwao. Sisi tumezoea jambo hili mpaka tunaliona ndiyo ada ya kuachana! Aliyeachwa talaka isiyo na rejea ana makaazi tu, ila akiwa na mimba hupewa na nafaka pia, kwa aya ya 6 ya sura hiyo. Kisha kuna mahari iliyobaki kwa mume, ni deni na inalipwa. Na kuna mut'a, yaani cha kumliwaza mke. Hicho kwa Shafii ni wajibu kwa kila aliyeachwa, isipokuwa yule aliyetajiwa mahari kisha akaachwa kabla ya kuingiliwa, ambaye yeye ana nusu ya mahari.

Eda ikimalizika, haki ya mke ya kulishwa na mume imemalizika. Hapa ndipo wanaume wengi wanapoteleza, kwani hufunga mlango wa mke na wa watoto kwa ufunguo mmoja.

NANI ANALEA?

Imam Malik ameipokea katika Muwatta kesi ambayo kila baba angeijua. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa na mke katika Ansari, akamzalia mtoto aitwaye Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alikwenda Quba akamkuta Asim anacheza katika uwanja wa msikiti. Akamshika mkono, akamweka mbele yake juu ya mnyama wake. Bibi wa mtoto akamfuata, akamzuia, wakabishana mpaka wakafika mbele ya Abubakar (R.A.), naye ndiye Khalifa. Umar akasema ni mwanangu, na bibi akasema ni mwanangu. Abubakar akaamua Umar amwache mtoto kwa bibi yake. Umar hakumrudishia neno.

Tuitazame kesi hii vizuri. Baba aliyenyimwa ni Umar, ambaye hakuna anayeweza kusema kuwa dini yake au uwezo wake ulikuwa na kasoro. Basi hadhana haikutolewa kwa upande wa mama kwa kuwa baba ni mbaya. Imetolewa kwa kuwa mtoto mdogo anamhitaji mwenye huruma na subira ya kulea, na huko ndiko inakopatikana zaidi. Hukumu hii inaafikiana na Hadithi ya Abdullah bin Amr katika Sunan Abi Daud, ya mwanamke aliyemshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mume aliyemwacha anataka kumpokonya mtoto wake. Mtume (S.A.W.) alimhukumia yeye kuwa ana haki zaidi madamu hajaolewa.

Hilo la kuolewa limeeleweka vibaya. Ni kweli kwamba mama akiolewa na mtu baki, haki yake ya kulea huanguka. Lakini haiendi moja kwa moja kwa baba, bali kwanza kwa mama yake mama, na hao wakikosekana ndipo baba. Mama akiolewa na jamaa wa mtoto mwenye haki katika malezi, kama ami yake, naye akaridhia, haki haianguki. Dalili ya wanavyuoni ni kesi ya binti wa Hamza mwaka wa 7 Hijria. Ali, Jaafar na Zaid walimgombania, na Mtume (S.A.W.) akampa mama yake mdogo, hali ya kuwa ni mke wa Jaafar, naye Jaafar ni binamu wa mtoto. Na mama aliyeolewa kisha akaachwa, haki yake hurejea. Tumeshuhudia watoto wakichukuliwa usiku kwa sababu tu posa ya mama imepokelewa. Hilo halina msingi, kwani posa si ndoa, na hata ndoa ingefungwa, bibi mzaa mama yupo.

Mtoto akifikia kupambanua mambo, na kwa kawaida ni miaka 7, Shafii husema achaguzwe baina ya baba na mama, awe wa kiume au wa kike. Hii inatokana na Hadithi ya Abu Huraira (R.A.), ya kijana aliyekuwa akimtekea mama yake maji, Mtume (S.A.W.) akampa hiari naye akashika mkono wa mama. Wengine wana mipaka tofauti. Hanafi humwacha mvulana kwa mama mpaka miaka 7 na msichana mpaka 9 au mpaka abaleghe, na Maliki humwacha mvulana mpaka abaleghe na msichana mpaka aingie kwa mumewe. Kwa Shafii mtoto akibadili mawazo husikilizwa, maana huenda hali imebadilika kule alikokuwa.

Tukiwaeleza watu yafuatayo hushangaa, nayo yamo katika Minhaj ya Imam Nawawi tunayoisoma kila siku. Mvulana aliyemchagua mama hulala kwa mama, na mchana yuko kwa baba ili amfunze adabu na kumpeleka chuoni na kwenye kazi. Aliyemchagua baba, haijuzu kumzuia asimzuru mama yake. Msichana akiwa kwa baba, mama hazuiwi kuingia kumwangalia. Na mtoto akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumuuguza, nyumbani kwa baba akiridhia, na asiporidhia basi kwa mama. Vitabu vyetu havikuacha nafasi ya mzazi mmoja kumfuta mwenziwe. Mama anayemficha mtoto ili kumkomoa baba anavunja hukumu ileile anayoitegemea kumlea.

NAFAKA YA MTOTO

Neno nafaka kwetu limebakia na maana ya mchele na mahindi, na huenda ndiyo sababu mtu hupeleka kiroba cha unga mwisho wa mwezi akaona ametimiza. Kwa wanavyuoni nafaka ya mtoto ni kiasi cha kumtosheleza: chakula, nguo, makaazi, daktari na dawa, na gharama za malezi yenyewe. Haikuwekewa kipimo kama ya mke, ambaye Shafii amempimia kibaba kimoja kwa mume fakiri na viwili kwa tajiri. Mafunzo ya lazima nayo ni juu ya baba ikiwa mtoto hana mali yake. Msingi wake ni aya ya 233 ya Suratul-Baqara, iliyomwajibisha baba chakula na mavazi ya mama wanaonyonyesha kwa ada, na aya ya 6 ya Suratut-Talaq, iliyompa mke aliyeachwa ujira wa kunyonyesha. Ikiwa kunyonyesha kwa mama aliyeachwa kuna ujira juu ya baba, vipi itasemwa kuwa mtoto aliye kwa mama hana haki kwa baba?

Basi nafaka haitegemei mtoto yuko wapi. Baba aliyenyimwa kumuona mwanawe amedhulumiwa, na aende kwa kadhi, lakini hana ruhusa ya kumlaza mtoto na njaa kwa kosa la mama. Baba asiye na kazi lakini ana nguvu analazimika kuchuma, hiyo ndiyo kauli sahihi katika madhehebu. Baba akifa au akishindwa kabisa, huja babu mzaa baba kabla ya mama.

Sasa tunafika kwenye suala lililotufanya tuandike makala hii. Mama mmoja alitujia akiwa amelea watoto watatu kwa miaka 6 kwa kuuza vitumbua na maandazi. Baba yupo, ana duka. Alitaka alipwe ya miaka yote 6. Ilitubidi tumwambie maneno mazito: katika madhehebu yetu nafaka ya mke iliyopita ni deni juu ya mume, lakini nafaka ya mtoto ikipita haigeuki kuwa deni, ila kadhi awe aliikadiria na kuiamuru, au alimpa mama idhini ya kukopa kwa ajili yake wakati baba hayupo au amekataa. Wanavyuoni wametoa sababu kwamba nafaka ya mtoto ni kwa ajili ya kuondoa haja, na haja ya jana imekwisha ondoka kwa aliyemlisha jana. Mama yule alilia, nasi hatukuwa na la kumpa kwa miaka iliyopita. Tulimpeleka kwa kadhi akaandikiwa amri kuanzia siku ile.

Mtu asifahamu kuwa baba yule amesalimika. Deni limeanguka mbele ya kadhi, dhambi ya kumpoteza anayemtegemea imebaki shingoni mwake. Lakini mama huyu angekwenda katika mwezi wa kwanza, kila mwezi uliofuata ungekuwa deni la kudaiwa. Baadhi ya wanavyuoni wa madhehebu wamesema kuwa pasipo na kadhi, mama akishuhudisha kwamba anatumia kwa nia ya kudai, atadai. Na mwenye uwezo wa kufikia mali ya baba, Hind binti Utba (R.A.) aliruhusiwa na Mtume (S.A.W.) kuchukua katika mali ya Abu Sufyan kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Kwa wema, yaani asipitishe.

Wa Zanzibar na Kenya wanazo mahakama za Kadhi zinazotambuliwa na dola, na kwa Kenya zimo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Tanzania Bara hakuna mahakama ya Kadhi yenye nguvu za dola. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 mgogoro huanzia Baraza la Usuluhishi, na likishindwa huenda mahakamani, ambako ndiko hutolewa amri ya matunzo ya watoto. Sheria hiyo nayo imechukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni bora awe na mama, mpaka ithibitike vingine. Kwa vyovyote, mama asikae na shauri nyumbani akingojea wazee wa mume wamwonee haya mtoto wao.

Tunawaomba maimamu wanaoandika karatasi za talaka wasitosheke na idadi ya talaka na majina ya mashahidi. Karatasi hiyo hiyo iandikwe tarehe iliyotamkwa talaka, mahari iliyobaki, watoto ni wangapi na umri wao, wanakaa kwa nani, baba anawaona siku zipi na atatoa kiasi gani kila mwezi. Baba atie sahihi, kisha karatasi ipelekwe kwa kadhi au mahakamani ipate nguvu ya hukumu, kwani sahihi ya msikitini peke yake haiifanyi nafaka ya mtoto kuwa deni.

Wallahu aalam.