Ampli kubwa nyumbani: namna ya kuchagua bafle zisizoungua

Ampli ya nguvu si adui wa bafle. Kinachounguza bafle mara mingi ni wati za uongo kwenye kartoni, omu zisizopatana, na mkono usiotulia kwenye buto ya sauti. Haya njo mambo ambayo mnunuzi anapashwa kujua mbele ya kutoa feza yake.

Habari hii mafundi wa redio wa Bukavu, Goma ao Butembo wanaijua vizuri. Ndugu anarudi toka Kampala ao Dubai na ampli nzito, ile yenye kubebwa na watu wawili. Nyumbani kuna bafle za zamani za papa. Wanaziunganisha. Siku ya komunio ya mtoto, nyimbo za kwanza zinatoka vizuri na majirani wanaanza kuingia. Saa tatu ya usiku kijana mmoja anaongeza sauti. Muziki unaanza kukwaruza, kiisha bafle moja inanyamaza na harufu ya kuungua inajaa ndani ya salon.

Kesho yake kila mtu anasema: “Ampli ilikuwa na nguvu ya kupita.” Inaweza kuwa kweli. Lakini fundi akifungua ile bafle, mara mingi anakuta sababu ingine.

Wati za kartoni na wati za kweli

Kitu cha kwanza ambacho muuzaji anaonyesha ni namba kubwa. “Papa, hii iko wati elfu mbili, haina mwenzake!” Lakini wati haziko za aina moja.

Wati za kuamini ni zile zinazoandikwa RMS. Hiyo ni nguvu ambayo ampli inaweza kutoa, ao bafle inaweza kubeba, kwa muda mrefu bila kuharibika. Wati zinazoandikwa “max” ao “peak” ni za kitambo kidogo sana, kama pigo moja la ngoma. Na zile zinazoandikwa PMPO hazina kipimo ambacho viwanda vyote vinafuata. Hizo ni namba za kuuzisha. Kifaa kidogo cha plastiki chenye kuandikwa PMPO wati 1000 kinaweza kuwa na wati 10 ao 20 tu za kweli.

Kuna njia rahisi ya kukamata uongo huo: kugeuza ampli na kusoma kule nyuma, pale panaandikwa umeme ambao inakula. Ampli haiwezi kutoa kwa muda mrefu wati kuliko zile inazoingiza. Ikiwa nyuma panaandikwa volti 220 na wati 80, kisha mbele panaandikwa wati 2000, basi ile elfu mbili ni ya biashara.

Nguvu nyingi ao nguvu kidogo, ipi inaunguza?

Watu mingi wanafikiri kwamba ampli ndogo haiwezi kuharibu bafle kubwa. Si hivyo. Ampli ndogo ikisukumwa kupita uwezo wake, inashindwa kufuata muziki mpaka juu. Mawimbi ya sauti yanakatwa kichwa, kama nyumba iliyopeperushwa paa na upepo. Ile sauti iliyokatwa njo masikio yanasikia kama kukwaruza. Pale pale, nguvu nyingi kuliko kawaida inaenda kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ambayo waya wake wa ndani ni mwembamba sana. Ampli ya wati 30 inayokwaruza usiku muzima inaweza kuunguza twita ya bafle ya wati 100.

Kwa hiyo ampli yenye akiba ya nguvu ni kitu kizuri. Mafundi wanapenda kuchagua ampli yenye wati RMS sawa na za bafle, mpaka mara mbili. Bafle ya wati 100 RMS inapatana na ampli ya wati 100 mpaka 200, kwa omu zilezile. Ampli inacheza bila kuhangaika, na mapigo ya ngoma yanapita safi.

Sharti ni moja: mkono utulie. Ampli ya wati 300 na bafle ya wati 50 zinaweza kuishi pamoja miaka mingi kwa sauti ya kawaida. Lakini mikro ikianguka chini, fili ikichomolewa wakati ampli inawaka, ao mtoto akizungusha buto mpaka mwisho, sekunde chache zinatosha kuua bafle.

Buto ya besi nayo ina hatari yake. Kuongeza besi kwa desibeli 10 ni kuomba ampli itoe nguvu mara kumi kwa zile sauti nzito. Bafle iliyokuwa inacheza vizuri inaanza kupiga kama ngumi kwenye mlango, na wufa inatoka nje kupita kiasi. Wakati huo sherti kushusha mara moja, bila kungoja wimbo uishe.

Omu: pale ampli yenyewe inaungua

Nyuma ya kila bafle kuna namba ingine: omu 4, omu 6 ao omu 8. Omu ni kizuizi ambacho bafle inawekea umeme. Omu zikipungua, umeme mwingi zaidi unapita na ampli inapata moto zaidi.

Nyuma ya ampli panaandikwa pia omu ambazo inavumilia, kwa mfano “4 mpaka 16”. Kushuka chini ya ile namba ya kwanza ni kuitafutia ampli kifo, hata ikiwa kubwa namna gani.

Makosa yanatokea pale mtu anataka kuongeza bafle. Bafle mbili za omu 8 zikiunganishwa mahali pamoja, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, ampli inaona omu 4. Bafle mbili za omu 4 zikiunganishwa vile vile, ampli inaona omu 2, na ampli nyingi za nyumbani haziwezi kubeba hiyo. Bafle zikifuatana kwa mstari, moja nyuma ya ingine, omu zinajumlishwa: 8 na 8 zinakuwa 16.

Ampli zenye nafasi ya A na B zinaomba uangalifu. Mara mingi, A na B zikiwaka pamoja, kila bafle inapashwa kuwa na omu 8 ao zaidi. Maandishi ya karibu na zile nafasi yanaeleza, na inafaa kuyasoma.

Namba inayosahauliwa: desibeli

Mnunuzi wa ampli kubwa anaangalia wati, pengine na omu. Namba ya tatu, ile inayoitwa sensibilite, haiulizwi mara mingi. Inaonyesha sauti ambayo bafle inatoa kwa wati moja tu, mtu akisimama mita moja mbele yake. Bafle nyingi za salon ziko kati ya desibeli 84 na 92. Zile za muziki wa nje na za kanisa kubwa zinaweza kupita 95.

Tofauti ya desibeli 3 inaonekana ndogo, lakini ni nusu ya nguvu. Bafle ya desibeli 86 inaomba wati 40 ili itoe sauti ambayo bafle ya desibeli 92 inatoa kwa wati 10. Ndiyo kusema, mtu mwenye bafle nzuri ya desibeli 92 na ampli ya wati 50 anaweza kumpita jirani mwenye wati 150 na bafle nzito ya kuamsha.

Katika miji ambako umeme unakatika mara mingi, namba hii inagusa mufuko. Batiri ya volti 12 na ampere-saa 100 ina wati-saa 1200 kwa hesabu. Batiri ya kawaida ya maji haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600. Ampli inayokula wati 100 inacheza karibu saa 5, juu onduleri nayo inakula kidogo. Ampli ileile ikila wati 60, kwa sababu bafle zake zinaamka haraka, inaweza kupita saa 8. Bei ya bafle nzuri inarudi polepole kupitia batiri na mafuta ya grupu.

Salon ya mita tatu si uwanja wa mpira

Kwa salon ndogo, ile ambayo watu wanakaa mita mbili ao tatu mbele ya bafle, wati chache tu zinatosha kwa kusikiliza kila siku. Wati zinazobaki ni akiba ya mapigo ya ngoma. Wufa ya inchi 5 ao 6 na nusu inajaza chumba kama hicho. Wufa ya inchi 12 ao 15 iko mahali pake nje, katika parseli kubwa. Nje sauti inapotea haraka: kila mara mtu anapozidisha umbali mara mbili, anapoteza karibu desibeli 6.

Kuweka bafle nako kunabadilisha sauti. Ikisukumwa kwenye kona, besi inaongezeka na maneno ya mwimbaji yanazama. Ni vizuri kuacha nafasi kati yake na ukuta, na kuinua twita ifike urefu wa masikio ya mtu aliyekaa. Mapazia, viti vya kitambaa na mkeka vinapunguza mwangwi wa sima na mabati.

Kwa kujaribu, wimbo wa rumba ni kipimo kizuri. Muziki huu, ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa 12 mwaka 2021, una magita kadhaa yanayozungumza pamoja: solo, mi-solo na lile la kusindikiza, chini yao besi. Bafle nzuri inaacha kila gita lisikike peke yake, hata sauti ikiwa ndogo. Bafle mbaya inayachanganya yote kama supu. Wimbo wa kujaribia uwe ule ambao mnunuzi anaujua kwa moyo, si ule ambao muuzaji amechagua.

Mbele ya kulipa bafle ya okazio

Bafle nyingi zinazouzwa huku zimekwisha kutumika. Zingine ni nzuri kuliko mpya za bei ndogo, lakini sherti kuzikagua.

Kwanza, kuondoa kitambaa cha mbele na kuangalia ukingo wa wufa. Ukingo wa sifongo unaoza na miaka na kubomoka kama mkate mkavu. Fundi anaweza kuubadilisha, na bei inapashwa kushuka kwa ajili ya hiyo. Ukingo wa mpira unadumu zaidi.

Pili, kusukuma wufa polepole kwa vidole vilivyopanuka sawasawa. Ikikwaruza ndani, bobini imeungua ao imepinda.

Tatu, kupima na multimetri. Bafle ya omu 8 inaonyesha karibu 6, na ya omu 4 inaonyesha 3 na kidogo. Ikiwa kipimo hakisogei kabisa, waya wa ndani umekatika.

Nne, kuweka sikio karibu na kila spika wakati muziki unacheza. Twita iliyokufa haionekani kwa macho, na wufa peke yake inaweza kumdanganya mtu.

Wakati wa kuunganisha, nyekundu iende kwa nyekundu pande zote mbili. Bafle moja ikigeuzwa, wufa moja inasukuma wakati ingine inavuta, na besi inapotea. Fili nayo isiwe nyembamba kama ya simu. Ile ya milimita-kare 1.5 inatosha kwa mita chache. Kwa mita 10 ni vizuri kutumia 2.5.

Umeme, masikio na majirani

Umeme unaopanda na kushuka unaua ampli mbele ya bafle. Stabilizateri yenye uwezo wa kutosha ni sehemu ya mashini, sawa na fili. Umeme ukikatika, inafaa kuzima ampli na kushusha sauti mpaka mwanzo, kusudi isirudi kwa pigo moja kubwa kwenye bafle.

Masikio nayo yana kipimo chao. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari. Kila desibeli 3 zikiongezeka, saa zinakatwa nusu. Kwa desibeli 95, inabaki saa moja na robo tu kwa juma lote. Ampli kubwa na bafle nzuri zinafika huko bila shida, na masikio yakiharibika, hakuna fundi wa kuyafungia bobini mpya.

Kwa mtu mwenye ampli kubwa tayari, maswali ya kuuliza dukani ni manne: wati RMS ngapi, omu ngapi, desibeli ngapi, na chumba chake kina ukubwa gani. Muuzaji akishindwa kujibu matatu ya kwanza, namba zinaweza kupatikana nyuma ya bafle ao ndani ya kitabu chake. Zisipopatikana popote, hata bei iwe nzuri namna gani, ni heri kurudi nyumbani na feza mufukoni na kwenda kwa muuzaji mwingine kesho yake.