VIUMBE WAOZESHAO NA RUTUBA YA UDONGO WA ULUGURU

Mwezi Julai 1955, huko Matombo, katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, wakulima walikusanyika kuyapinga matuta. Tangu mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha kuichonga miteremko yao iwe matuta mapana ya ngazi, chini ya Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru. Shabaha ilikuwa kuzuia mmomonyoko na kuhifadhi vyanzo vya mto Ruvu, ambao maji yake hutumika hata Dar es Salaam. Lakini kazi ilikuwa ya shuruti, na mavuno ya matuta hayo yalikuwa haba. Ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa.

Wanahistoria huzieleza ghasia hizo kwa siasa, na ni haki yao. Hata hivyo sayansi nayo ina swali lake: kwa nini shamba lililochongwa kwa jasho jingi namna ile lizae kidogo? Jibu limo katika sentimita chache za juu za udongo.

Walaji wasioonekana

Gramu moja ya udongo wa juu, isiyojaza hata kijiko cha chai, yaweza kuwa na bakteria mamia ya mamilioni. Pamoja nao wamo aktinomaiseti, ambao huupa udongo uliolowa harufu yake, na kuvu wenye nyuzi nyembamba kupita unywele. Jongoo, mchwa na minyoo huyatafuna majani na mizizi iliyokufa vipande vipande. Vijidudu hao huimalizia kazi. Sukari na protini huliwa kwanza. Selulosi hufuata. Lignini, inayoupa mti ugumu wake, hudumu muda mrefu, na kuvu ndio hasa wenye uwezo wa kuivunja. Sehemu kubwa ya kaboni hurudi hewani ikiwa kabonidioksidi. Masalio huwa mboji, ile nyeusi inayoshika maji na madini.

Naitrojeni iliyofungwa ndani ya protini hutolewa ikiwa amonia. Bakteria wa kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, na wa kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mizizi huifyonza kwa wepesi. Mrusi Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria wa kazi hiyo mwaka 1890. Basi mahindi hayali majani yaliyooza. Hula kinachobaki baada ya vijidudu kushiba.

Kosa la tuta la ngazi

Walaji hawa hukaa karibu na chakula chao, na idadi yao hupungua upesi kadiri mtu anavyochimba kwenda chini. Kuchonga tuta la ngazi penye mteremko mkali ni kuchimba upande wa juu na kujaza upande wa chini. Udongo wa juu, ambao Uluguru mahali pengi ni mwembamba, hufukiwa. Udongo wa chini, usio na mboji, huja juu. Mkulima alitakiwa kupanda mbegu katika udongo wenye njaa.

Waluguru walikuwa na njia yao, ambayo bado huonekana upande wa Mgeta. Mkulima hupalilia magugu, huyalaza kwa mistari inayokingama mteremko, kisha huyafunika kwa udongo wa juu. Vituta hivyo hufanana na vipandio vya ngazi. Hupunguza kasi ya maji, na wakati huo huo vijidudu hupata chakula, unyevu na hewa.

Si kila jani ni sawa

Mwili wa bakteria una kaboni kiasi cha sehemu 5 hadi 8 kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mabua makavu ya mahindi yana kaboni sehemu 60 hivi kwa 1. Yakifukiwa peke yake, vijidudu huikopa naitrojeni ya udongo ili kukamilisha mlo wao, na mahindi machanga hugeuka manjano. Majani mabichi ya kunde, yenye naitrojeni nyingi, huoza upesi na kuacha ziada. Kwa hiyo yafaa kuyachanganya mawili hayo, au kuyafukia mabua mapema kabla ya kupanda. Kuyachoma ni hasara: naitrojeni yake nyingi hupotea pamoja na moshi.

Mvua ya kwanza

Majira nayo yana sehemu yake. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtafiti wa kituo cha Muguga karibu na Nairobi, alionyesha kwamba udongo uliokauka ukilowanishwa, uozaji huzuka kwa nguvu. Vijidudu wengi hufa kiangazi. Waliosalia huamka kwa mvua, wakala miili ya wenzao na mboji iliyofunguka. Nitrati hutolewa kwa wingi katika siku chache. Anayewahi kupanda huipata. Anayechelewa hukuta mvua zimekwisha kuiteremsha chini ya mizizi.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachukue chupa mbili zenye mdomo mpana. Ya kwanza waitie udongo wa bustani wenye unyevu. Ya pili udongo huo huo uliokaangwa sana, ukapozwa na kulowanishwa kwa maji yaliyochemshwa. Ndani ya kila chupa waweke kikombe kidogo cha maji ya chokaa yaliyo safi, kisha wazibe. Baada ya siku mbili walinganishe. Maji ya chupa ya kwanza yatakuwa meupe kama maziwa kuliko ya pili, kwa sababu ya kabonidioksidi iliyotolewa na viumbe wanaopumua.

Baada ya hapo watafute mahali palipochimbwa, kama kando ya barabara, walijaribu tabaka la juu na tabaka jekundu la chini. Tofauti watakayoiona ndiyo waliyoivuna wakulima wa Uluguru katika matuta ya mwaka 1955.