Mgongano wa Modemu na Kipanya katika Kompyuta za Zamani

Modemu hugeuza data za kompyuta kuwa sauti zinazoweza kupita katika laini ya kawaida ya simu, kisha modemu ya upande wa pili huzirudisha sauti hizo kuwa data. Katika kompyuta za miaka ya 1990 zilizotumia kadi za ndani za aina ya ISA, modemu ilipogoma lawama zilielekezwa upesi kwenye laini, ilhali kasoro iliweza kuwa ndani ya kompyuta yenyewe.

Kompyuta hizo zilikuwa na milango ya mawasiliano inayopitisha biti moja baada ya nyingine, nayo iliitwa COM1 hadi COM4. Kila mlango ulikuwa na anwani yake, lakini ishara za kukatiza, ambazo kwazo kifaa hukiomba kichakataji kiache kwa muda kazi kinayoifanya ili kikihudumie, kwa kawaida zilikuwa mbili tu kwa milango yote minne: namba 4 kwa COM1 na COM3, namba 3 kwa COM2 na COM4. Kwa hiyo kipanya kilichochomekwa COM1 na modemu iliyopangiwa COM3 viligombea ishara moja, na modemu iliweza kupiga simu vizuri kisha ikakwama kipanya kiliposogezwa. Dalili hii ina uzito kuliko nyingine zote, kwa kuwa ubovu wa laini hauwezi kufuatana na mwendo wa kipanya.

Njia iliyo salama zaidi ni kuizima COM2 ya ubao mama katika BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, ikiwa mlango huo hautumiki, kisha kuipa modemu nafasi hiyo kwa kuhamisha jampa, vile vifuniko vidogo vinavyounganisha pini za kadi. Kabla ya kuigusa kadi, umeme na waya wa simu sharti viondolewe.

Ili kujua kama kompyuta na modemu zinasikilizana, huandikwa herufi AT katika programu ya mawasiliano, amri iliyoenezwa na Smartmodem ya kampuni ya Hayes mwaka 1981. Jibu la OK likikosekana, hakuna haja ya kuchunguza laini kwanza. Jibu likipatikana, lakini modemu ikaripoti kwamba haisikii mlio wa simu, ndipo waya na tundu vikaguliwe. Na pale ambapo mlio wa nchi husika unatofautiana na ule wa Marekani, amri ATX3 huiagiza modemu ipige bila kuungoja.

Modemu ya nje ina tatizo jingine. Chipu ya 8250 inayosimamia mlango huweka baiti moja tu kwa wakati, na kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde baiti mpya hufika kila baada ya mikrosekunde 87 hivi, hivyo kichakataji kikichelewa kidogo data hupotea. Kupunguza kasi ya mlango hadi 19,200 hupunguza sana upotevu huo, ingawa tiba kamili ni kadi yenye chipu ya 16550A, inayohifadhi baiti 16.