Njia ya Bweni

Wageni wengi wanaofika Mafia hushika barabara ya lami ya Kilindoni hadi Utende, kilomita kama 15, wakaishia baharini: matumbawe, magofu ya Kua kisiwani Juani, na kuanzia Oktoba hadi Machi, papa potwe. Bahari ina haki yake. Lakini anayetaka kuwajua Wamafia wenyewe na ashike njia ya kaskazini, ipitayo Baleni, Kirongwe na Kanga mpaka Bweni, karibu kilomita 50 ambazo kwa miaka mingi zimekuwa za mchanga na vumbi. Aende Julai. Masika yamekwisha, kusi linavuma, majani bado mabichi.

Na asiende mbio. Kupita mbele ya baraza ya wazee kimya kimya ni utovu wa adabu, hata ukiwa juu ya pikipiki. Kijana hupunguza mwendo, hutoa shikamoo yake, na marahaba humfuata hali ameshapita.

Kinachokaa machoni njia nzima ni ng'ombe chini ya minazi: ng'ombe wa kienyeji, wafupi, wenye nundu, na yangeyange wakiwafuata kwato kwa kwato. Minazi ilipandwa kwa wingi karne ya 19, zama za Waarabu wa Oman, kwa jasho la watumwa. Hilo lisisahaulike mtu anapousifu uzuri wa mashamba haya. Ng'ombe na mnazi husaidiana. Majani yakiliwa, nazi iliyodondoka huonekana, vichaka havifungi, na mkwezi hufika shinani bila hofu ya nyoka. Samadi hubaki pale pale, na ng'ombe naye hupata kivuli.

Mtazame mkwezi akiangua. Miguu yake hutafuta mapago yaliyochongwa shinani na waliomtangulia. Akifika juu hugonga nazi kwa kiganja au kisu kabla ya kukata, kwa maana dafu, koroma na nazi kavu kila moja ina mlio wake. Chini, mwenzake husubiri na kifuo kilichochomekwa ardhini. Nazi hupigwa juu ya ncha, huzungushwa, na kumbi hubanduka. Kumbi nazo zina kazi: hufukiwa kwenye matope ya pwani miezi kadhaa, wanawake huzitoa na kuziponda, wakapata usumba wa kusokota kamba. Kamba hiyo ndiyo iliyomfunga ng'ombe wa huku tangu zamani, ingawa siku hizi nailoni imeingia.

Sasa uliza shamba hili la nani, utaona jinsi jibu linavyorefuka. Mnazi una mwenyewe, na ardhi ina wenyewe. Mtu anaweza kumiliki minazi saba iliyosimama kwenye ardhi ya ukoo, akaiuza, akaiweka rehani au akairithisha, na ardhi isihame. Wanawake wanayo minazi yao, kwa kununua na kwa mirathi ya sheria ya Kiislamu, na hawamwombi mume ruhusa ya kuangua. Mgeni anayeomba pa kulima hupewa nafasi ya muhogo. Kupanda mnazi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mti wa kudumu ni madai ya kudumu.

Pat Caplan, mwanaanthropolojia kutoka Uingereza aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, aliyaandika haya kwa kina katika kitabu chake cha 1975. Alionyesha kwamba watu wa huku hudai haki kwa baba na kwa mama vilevile, hivyo mtu mmoja ana koo kadhaa za kuzikimbilia. Mimi naliona hilo kuwa hazina ya Mafia kuliko matumbawe yote. Aliyekosa kwa baba hupata kwa mjomba.

Ng'ombe hachinjwi kwa hamu ya nyama tu. Husubiri harusi, hitima, maulidi. Siku hiyo wanaume hushika masufuria ya pilau, na waliotengana kwa ugomvi wa mipaka hula sinia moja.

Mbele ya Kirongwe minazi hupungua na mashamba ya kuhamahama huanza. Mpunga ukikomaa, familia huhamia shambani, mlinzi juu ya dungu, maana nguruwe na tumbili hawalali. Katikati ya kisiwa wamo hata viboko wachache kwenye mabwawa madogo. Hutoka usiku kuja kula majani.

Bweni, karibu na mnara wa taa wa Ras Mkumbi uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, njia inakwisha, lakini hofu yangu haikwishi. Minazi mingi imezeeka, imerefuka mno, inazaa kidogo, na vijana hawapendi tena kuikwea. Kupanda upya kunataka ridhaa ya jamaa wote wenye haki mahali pale, na wengine wao wako Dar es Salaam. Kisha mche mchanga huliwa na ng'ombe kwa asubuhi moja, kwa hiyo mwenye mifugo naye lazima akubali kufungia mbali kwa miaka kadhaa. Ukiona mche mmoja umezungushiwa ua wa makuti katikati ya malisho, jua hapo ndugu wamekwisha kukaa kikao.